Kabla ya kununua RAM ya kompyuta kuukuu, soma lebo

MSIMU wa kahawa unapoanza mkoani Kagera, kazi haibaki shambani na kwenye mizani tu. Kuna orodha za wakulima, kilo za maganda, makato na malipo, na vyote hivyo lazima viandikwe. Katika maeneo kama Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba, wanakopita watu wanaoingia mjini kutoka Muleba, kuchapa na kutoa nakala ni biashara ya steshenari ndogo ndogo. Mara nyingi kitendea kazi chao ni kompyuta iliyokwisha kutumika miaka kadhaa ofisini huko Ulaya au Marekani.

Kompyuta ya namna hiyo ikianza kusuasua, ushauri wa kwanza wa fundi huwa "ongeza RAM". Ushauri huo si mbaya. RAM ni kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea. Kama diski ni ghala la kahawa, RAM ni jamvi la kuanikia: ghala likiwa kubwa kiasi gani, jamvi likiwa dogo utaanika kidogo kidogo.

Tatizo huanza mnunuzi anapouliza swali moja tu, yaani GB ngapi, kisha akalipa. Hiyo haina tofauti na butura, ile biashara ya kuuziana kahawa ikiwa bado maua mtini, ila kwenye butura anayeumia ni muuzaji, na hapa anaumia mnunuzi.

Chukulia mfano wa steshenari inayobakiwa na Sh15,000 kwa siku baada ya gharama. Mwenye duka anaagiza kipande cha RAM cha Sh20,000 kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kikifika hakiingii. Akikirudisha kwa Sh10,000, akatumiwa kingine kwa Sh10,000 na kazi ikasimama siku tatu, kosa limemgharimu Sh65,000, zaidi ya mara tatu ya bei ya kipande chenyewe. Muuzaji akigoma kukipokea, inakuwa Sh85,000.

Cha kwanza kuangalia ni kizazi. Kompyuta za mezani za enzi ya Pentium III nyingi hutumia SDRAM yenye pini 168. Ikafuata DDR yenye pini 184, kisha DDR2 na DDR3, ambazo zote zina pini 240. Hizi mbili za mwisho ndizo huwachanganya wengi kwa kuwa urefu wake ni sawa. Lakini mkato ulio kwenye ukingo wa chini haupo mahali pamoja, na umeme wake ni tofauti: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 hutumia volti 1.5. Kipande kikikataa kuingia, kisilazimishwe. Mkato huo uliwekwa makusudi ili kuzuia kosa hilo, na anayetumia nguvu anaweza kuvunja sloti na kuipoteza bodi nzima.

Mtego mkubwa zaidi ni wa kipande kinachoingia vizuri kabisa lakini hakifanyi kazi.

Kwanza kuna RAM za seva. Hizi hutolewa kwa wingi kwenye seva zilizostaafishwa, kwa hiyo bei yake huvutia. Siri iko kwenye lebo. Ukisoma PC3-10600U, herufi U inaonyesha ni ya kompyuta ya kawaida. Ikiwa ni PC3-10600R, hiyo ni ya seva, na kompyuta ya kawaida ya mezani haitawaka nayo. Herufi moja tu, na fedha imekwenda.

Pili kuna zile za DDR2 za GB 4 zinazouzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya bodi za AMD pekee. Mwenye bodi ya Intel akizinunua, zinamfia mkononi.

Tatu ni ukubwa wa chipu zenyewe. Bodi nyingi za Intel G41 hupokea DDR3, lakini kwa kipande cha GB 4 zinataka chenye chipu 16, nane kila upande, ambacho lebo yake huandikwa 2Rx8. Kile cha kisasa zaidi chenye chipu nane tu, 1Rx8, huenda zisikitambue kabisa. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Bodi za Intel 440BX zilizotoka mwaka 1998 zilikuwa zikiwekewa kipande cha MB 256 chenye chipu nane, zinasoma MB 128. Mnunuzi alidhani ameibiwa, kumbe bodi ndiyo isiyojua kuhesabu chipu kubwa kiasi hicho.

Aidha, kila bodi ina kikomo chake. Bodi za Intel 945 haziendi zaidi ya GB 4. Nayo Windows XP ya kawaida, ile ya biti 32, haivuki GB 4 hata ukiiwekea 8. Steshenari iliyoibakiza XP kwa sababu ya programu ya zamani ya mahesabu au printa ya kugonga haina sababu ya kununua zaidi ya hapo.

Njia rahisi ya kujikinga ni kuendesha CPU-Z, programu ya bure inayoonyesha bodi, aina ya RAM na kilichomo katika kila sloti. Kama kompyuta haiwaki, chomoa kipande cha zamani, piga picha lebo yake pande zote mbili na umtumie muuzaji kabla ya kutuma fedha.

Kwa mashine iliyogoma baada ya kuongezewa RAM, chomoa kwanza waya wa umeme, kisha gusa chuma cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Toa vipande vyote, rudisha kimoja tu, washa. Kisha jaribu kingine katika sloti ile ile. Kikiwaka hapa na kugoma kule, mbovu ni sloti. Meno yaliyofifia kwa vumbi na unyevu, jambo la kawaida kwenye mji ulio kando ya Ziwa Victoria, yasuguliwe taratibu kwa ufutio safi wa penseli. Sauti nayo husaidia: HP Compaq nyingi za aina ya dc hupiga milio mitano huku taa nyekundu ikimeta mara tano, na maana yake ni RAM.

Hata hivyo, mashine iliyogoma ina nafuu kuliko inayowaka ikiwa na RAM mbovu. Hiyo huharibu mafaili kimya kimya. Katibu wa AMCOS anaweza kuhifadhi orodha ya malipo jioni, asubuhi ikakataa kufunguka, au ikafunguka ikiwa na takwimu zilizoharibika, na wakulima wamekwisha panga foleni nje. Kwa hiyo kila kipande kilichotumika kipimwe kwanza kwa Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, iachwe ipime usiku kucha. Kosa moja linatosha kukirudisha. Muuzaji asiyekubali sharti hilo kabla ya malipo aachwe.

Kwa upande wa soko, bei ya RAM mpya ilipanda mwishoni mwa mwaka 2025 baada ya viwanda kuelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Oktoba 14 mwaka huo Microsoft nayo ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Hayo mawili yanawasukuma wengi kuendelea na mashine walizonazo. Kwa bodi ya DDR3 bado kuna hesabu ya kuongeza RAM. Kwa Pentium 4 yenye kapasita zilizovimba kichwani, fedha hiyo ni afadhali iwekwe akiba ya mashine nyingine, na orodha za wakulima zihamishiwe kwenye flashi mapema, kabla ya Mei.