Mageuzi ya katiba Kongo: mjadala uanzie Lac Vert kabla ya kufika Kinshasa

Ukitoka katikati ya mji wa Goma kwa barabara ya Sake, mtaa wa Lac Vert unaukuta upande wa kushoto, kuelekea ziwa Kivu. Ni mawe meusi ya volkano, nyumba za mbao, wamama na watoto wenye bidoni za maji, na lile ziwa dogo la kijani, ndani ya shimo la volkano ya kale, lililoupa mtaa jina lake. Wakaaji wa hapa wanajua pia mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi, inajikusanya kwenye mabonde na kuua bila kelele.

Nani ana kazi ya kuweka alama mahali penye mazuku ili mtoto asipite? Nani wa kutengeneza barabara ya mtaa, au kuleta robine karibu? Mkaaji wa Lac Vert ana shefu wa mtaa, lakini hakumchagua, na huyo shefu hana bajeti. Juu yake kuna komine ya Goma, kisha mji, kisha jimbo, kisha Kinshasa. Kila ngazi inaonyesha kidole ngazi nyingine.

Ndiyo maana mjadala wa kubadilisha katiba si jambo la wanasiasa peke yao. Tarehe 23 Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema katiba ya sasa si nzuri, kwamba iliandikwa nje ya nchi na wageni, na kwamba ataweka tume ya kufikiri juu ya katiba mpya. Wapinzani, akiwemo Martin Fayulu na Moïse Katumbi, walijibu kwamba shabaha ni muhula wa tatu. Tangu hapo watu wanabishana juu ya mtu mmoja na miaka yake madarakani. Jinsi nchi inavyoongozwa kutoka chini hadi juu imezungumzwa kidogo sana.

Katiba inasema nini tayari

Katiba tuliyo nayo ilitokana na makubaliano ya Sun City yaliyomaliza vita kubwa. Ilitayarishwa na Seneti ya kipindi cha mpito, raia wakaipigia kura ya ndiyo kwa zaidi ya asilimia 80 katika referandumu ya Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006.

Ukiisoma polepole utaona kwamba mambo mengi ambayo watu wanayadai leo yamo ndani. Kifungu cha 3 kinasema miji, komine, sekta na chefferie zinajiongoza zenyewe. Sheria ya 2008 juu ya maeneo hayo inaeleza jinsi: raia wanachagua washauri wa komine, nao washauri wanachagua bourgmestre. Washauri wa mji wanachaguliwa na wale wa komine, halafu wanamchagua meya.

Kwa kweli tulipiga kura 2006, 2011 na 2018 bila uchaguzi hata mmoja wa komine. Ni tarehe 20 Desemba 2023 tu ndipo CENI ilipoandaa uchaguzi wa washauri wa komine, tena katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Goma ilikuwemo. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Na hata hapa Goma, washauri walichaguliwa wakati komine na mji viliongozwa na maafisa wa polisi, kwa ajili ya hali ya kuzingirwa. Sanduku la kura lilifika, lakini uongozi haukubadilika.

Franka 100 zinakwenda wapi?

Kila mfumo wa siasa una mfuko wake. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na kwamba jimbo linakata sehemu yake pale pale, kabla feza haijapanda Kinshasa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika sehemu hiyo ya majimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na chefferie.

Piga hesabu. Kati ya franka 100 za mapato ya taifa, 40 zingebaki kwa majimbo, na kati ya hizo 40, franka 16 zingeshuka hadi kwenye komine na chefferie. Kifungu cha 181 kinaongeza mfuko wa usawazishaji wenye asilimia 10 ya mapato ya taifa, kusaidia majimbo maskini.

Mambo hayafanyiki hivyo. Feza inapanda yote Kinshasa, halafu kidogo kinarudishwa, kwa kuchelewa, na kwa kiasi ambacho Kinshasa yenyewe imeamua. Gavana anayegombana na wakubwa anajua mfuko wake unaweza kukauka. Komine inabaki kuishi kwa ushuru wa soko, wa maegesho na wa motari. Ndiyo sababu mama mwenye meza ya nyanya anakutana na serikali kila siku kwa kulipa, na mara chache sana kwa kupokea.

Kinshasa nayo ina jibu lake. Inasema majimbo yanakula feza, na mara nyingi si uongo. Magavana wanachaguliwa na wadepite wa jimbo, kundi dogo la watu, na karibu kila uchaguzi wao umefuatwa na malalamiko ya kura kununuliwa. Kupeleka feza chini bila kuweka jicho la kuichunga ni kuhamisha wizi kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Federali: neno la zamani linalorudi

Wako wanaosema dawa ni nchi ya federali. Wazo hilo si geni. Katiba ya Luluabourg ya 1964 iliyapa majimbo nguvu kubwa. Wakati huo Kivu Kaskazini lilikuwa jimbo, kati ya majimbo 21. Mobutu alipochukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, aliyapunguza na kuyafunga mkono. Kivu ikaunganishwa tena, hadi 1988 ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Konferensi ya taifa ya 1991 na 1992, chini ya Monsinyori Laurent Monsengwo, ilipendekeza tena nchi ya federali. Mapendekezo hayo yalibaki kwenye karatasi.

Walioandika katiba ya 2006 walichagua njia ya katikati: nchi moja, lakini majimbo yenye mamlaka. Mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26. Mapya kadhaa yalizaliwa bila ofisi na bila mapato. Hilo ni fundisho: kuongeza idadi ya magavana si sawa na kusogeza serikali karibu na raia.

Huku mashariki neno federali linaogopesha kwa sababu nyingine. Watu wanakumbuka Katanga na Kasai Kusini zilizojitenga 1960, na wanasikia kila siku habari ya kugawanya nchi. Baada ya Goma kuingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Kivu Kaskazini ilijikuta na magavana wawili: mmoja aliyewekwa na Kinshasa, akifanya kazi Beni, na mwingine aliyewekwa na AFC/M23 hapa Goma. Katika hali kama hiyo, mtu akisema jimbo lijitegemee, jirani anaweza kusikia jimbo liondoke. Anayetaka federali ana deni la kueleza wazi: jeshi, mipaka na uraia vitabaki vya nani?

Miaka ya kuzingirwa

Hakuna sehemu ya Kongo iliyojaribiwa na mfumo wa amri kutoka juu kama Kivu Kaskazini na Ituri. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa iliondoa gavana wa raia, ikasimamisha bunge la jimbo, na kuweka wanajeshi na polisi mahali pao. Kifungu cha 144 kinasema hali hiyo ni ya siku 30, na Bunge na Seneti vinaweza kuiongeza kwa siku 15 kila mara. Ilichofikiriwa kuwa ya wiki chache, siku 15 juu ya siku 15, ikawa ya miaka.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kurudisha amani. Wakaaji wa Lac Vert wanajua matokeo bila kusoma ripoti. Kambi za wahami wa vita zilijaa hapa, Bulengo, Lushagala na Mugunga. Tarehe 3 Mei 2024 bomu zilianguka kwenye kambi za Lac Vert na Mugunga, zikaua wahami, wengi wao wanawake na watoto. Miezi tisa baadaye Goma ikaanguka. Katika muda huo wote, raia hawakuwa na bunge la jimbo la kumuuliza kiongozi wa kijeshi maswali.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaotaka katiba mpya hawalitaji sana. Kifungu cha 219 kinakataza kurekebisha katiba wakati wa vita, wa hali ya dharura au wa hali ya kuzingirwa. Wanasheria wanaweza kubishana kama sehemu ya nchi inatosha kuzuia, lakini maana ya kizuizi inaeleweka: usibadilishe sheria za nyumba wakati sehemu ya watu wa nyumba wamefungiwa nje. Referandumu bila Masisi na Rutshuru itakuwa ya nani? Kifungu cha 220 nacho kinafunga kabisa mlango wa kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Wapinzani wanaogopa kwamba kusema «katiba mpya», badala ya «marekebisho», ni njia ya kuzunguka mlango huo.

Majirani walifanyaje?

Kenya ilipita kwenye damu ya 2007 na 2008 kabla ya kupata katiba ya Agosti 2010. Waligawa nchi katika kaunti 47, kila moja na gavana anayechaguliwa moja kwa moja na raia, na wakaandika kwamba kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Asilimia yao ni ndogo kuliko 40 yetu, lakini yao inafika. Rushwa haikuisha; hata hivyo gavana wa Kiambu na wa Nairobi waliondolewa madarakani mwaka 2020 kwa njia ya bunge la kaunti na Seneti. Na wakuu walipotaka kubadilisha katiba hiyo kwa mpango wa BBI, mahakama iliwazuia, hadi Mahakama ya Juu mwezi Machi 2022.

Uganda ina viongozi wa kijiji wa LC1. Mwaka 2018 walichaguliwa kwa watu kupiga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Hakuna mashine wala karatasi za gharama. Lakini raia walikuwa wamengoja tangu 2001, na kupiga mstari mbele ya wote kunaondoa siri ya kura. Hata hivyo inaonyesha kwamba kumchagua shefu wa mtaa hakuhitaji mamilioni.

Mambo manne ya kuanzia

Katika mabishano haya yote, mambo manne yanaweza kufanywa, na mengi yake hayahitaji katiba mpya. Kwanza, kumaliza uchaguzi wa komine, sekta na miji nchini kote, na kuwaacha waliochaguliwa wafanye kazi. Pili, kukata asilimia 40 pale pale, na kubandika kwenye mlango wa komine hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Tatu, kuweka ukomo wa kweli kwa hali ya kuzingirwa, na kuacha bunge la jimbo likae hata wakati wa vita. Nne, kufikiria gavana achaguliwe na raia wenyewe. Hili ndilo linalodai kugusa katiba, na lingoje wakati ambapo wote wanaweza kupiga kura.

Raia nao wana mlango. Kifungu cha 218 kinaruhusu watu 100 000 kuomba marekebisho kwa sahihi zao.

Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nchi hii imekuwa na fimbo ndefu Kinshasa kwa miaka mingi, na nyoka yuko hapa, kati ya mawe ya Lac Vert. Kila mtu anayekuja na mpango wa kubadilisha mfumo, awe wa serikali, wa upinzani au wa wenye silaha, aulizwe swali moja dogo: mtoto akianguka kwenye mazuku kesho asubuhi, mzazi wake atabisha mlango wa nani, na huyo atakayefungua, nani anaweza kumwondoa?