Tairi Linaisha Upepo na Halina Msumari? Kagua Rimu

Madereva wengi wa Pwani wanaijua hali hii. Tairi linajazwa upepo Jumatatu, kufikia Ijumaa limelegea. Fundi anatafuta msumari, haupati. Mwenye gari anaambiwa tairi limechoka, ananunua jipya, na baada ya muda hilo jipya nalo linalegea.

Mara nyingi ubovu uko kwenye rimu. Tairi lisilo na tyubu huzuia upepo kwa kubana ukingo wa rimu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kuliwa kwa chuma. Rimu za chuma hushika kutu nyekundu. Rimu za aloi, zilizo nyingi kwenye magari yanayoletwa kutoka Japani, hutoa unga mweupe unaobambua rangi na kuacha ukingo ukiwa na mikwaruzo. Upepo hupenya hapo kidogo kidogo. Baadhi ya magari hayo yalitumika sehemu zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, kwa hivyo rimu huenda zikafika bandarini zimeshaanza kuliwa.

Usipuuze kwa kuwa linapungua polepole. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka na kupata joto. Kwenye mwendo wa barabara ya Mombasa hadi Malindi, gari likiwa limejaa abiria, linaweza kupasuka.

Anza na valvu: paka maji ya sabuni na utazame kama povu litatokea. Kisha tairi litolewe kwenye gari, lilazwe chini, na maji ya sabuni yamwagwe kuzunguka ukingo wote. Subiri dakika chache, kwani povu la uvujaji huu ni dogo sana. Geuza upande wa pili pia. Upande wa ndani, ambao hakuna anayeuosha, ndio huliwa zaidi.

Povu likionekana ukingoni, tairi livuliwe kwenye rimu. Fundi asugue kutu au unga wote kwa brashi ya waya, amalizie kwa msasa laini, na asafishe mdomo wa tairi pia. Mashine ya kusagia chuma asiitumie. Hupunguza unene wa rimu na kuacha mabonde mapya. Palipobaki vishimo vidogo hupakwa gundi maalum ya ukingo wa tairi. Mwombe abadilishe valvu ya mpira wakati huo huo, maana bei yake ni ndogo na tairi limeshavuliwa. Likirudishwa lipimwe tena kwa sabuni, kisha lifanyiwe balansi.

Kuna njia za mkato za kukataa. Kutia tyubu huacha kutu iendelee kula, na tyubu yenyewe husuguliwa na rimu mbaya hadi itoboke. Kuwasha petroli ili tairi likae kwenye rimu kumejeruhi watu, kataa kabisa. Rimu yenye ufa isichomelewe, tafuta nyingine.

Wenye bodaboda za spoki, kwenu kutu huanzia kwenye vichwa vya spoki na kutoboa tyubu. Kagua ule utepe wa mpira unaovifunika.

Baada ya kurekebisha, jaza upepo kulingana na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi huandikwa kwa kPa: 220 ni sawa na psi 32 hivi. Pima tena baada ya wiki moja, asubuhi, kabla gari halijatembea.