Kidonge Kimoja Chenye Dawa Mbili

Wapo wagonjwa wa shinikizo la damu, yaani presha, ambao hununa wanapobadilishiwa dawa. Walizoea kupewa pakiti mbili, sasa wanapewa moja. "Sista, mbona mmenipunguzia?" La hasha, hawakupunguziwa kitu. Kidonge hicho kimoja kina dawa mbili ndani yake.

Presha hupandishwa na mambo zaidi ya moja. Mishipa ya damu hubana, na mwili nao huzuia chumvi na maji. Ndiyo maana kwa watu wengi dawa moja haitoshi. Amlodipini hulegeza mishipa. Haidroklorothiazaidi husaidia figo kutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo (kidonge chenye dawa hii ni vema kumezwa asubuhi, usije ukakesha chooni). Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya presha vyenye dawa mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Faida yake ni wepesi: anayemeza kidonge kimoja hasahau kama anayemeza vitatu.

Linalotutia hofu sisi wauguzi ni ile pakiti ya zamani iliyobaki kabatini. Mgonjwa huona uchungu kutupa dawa aliyoinunua kwa fedha yake, akameza kipya asubuhi na cha zamani jioni. Kumbe ni dawa ileile, ameimeza mara mbili! Presha hushuka mno, na akiinuka kitandani usiku hushikwa na kizunguzungu, akaanguka. Kwa mzee, kuanguka huko kunaweza kumvunja nyonga. Tafadhali, njoo kliniki na dawa zako zote, hata za mitishamba. Nawe mwenye macho mazuri, msomee bibi pakiti: jina kubwa mara nyingi ni la kiwanda, majina ya dawa zenyewe yako chini kwa herufi ndogo.

Usimgawie jirani, wala binti yako mjamzito. Vidonge vyenye telmisatani, losatani au lisinoprili humdhuru mtoto tumboni. Mama anayetarajia kushika mimba atuambie mapema, abadilishiwe.

Miguu ikivimba kwa amlodipini, au kikohozi kikavu kikikusumbua kwa lisinoprili, usiache dawa kimyakimya. Njoo tuzungumze, zipo nyingine. Lakini midomo au ulimi ukivimba, usimeze tena, kimbilia hospitali saa ileile.

Tena, siku ya kliniki meza dawa yako kama kawaida, isipokuwa umeagizwa vinginevyo. Wengi huja bila kumeza, wakidhani ndivyo vipimo vinavyotaka. Hapo tunapima presha isiyo na dawa, na daktari anaweza kukuongezea dozi usiyoihitaji.