Chanjo ya Mbwa: Usiulize Bei ya Sindano Moja

Mtoto wa mbwa tuliyemlea mwaka juzi hakufikisha miezi minne. Tulimchanja mara moja akiwa na wiki saba, tukabana pesa za dozi zilizobaki. Parvo ikampata: kutapika, kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa hutaisahau, dripu siku tatu, na bado akafa. Siku hizo tatu zilitugharimu kuliko dozi zote tulizoziruka. Kwa hiyo alipokuja mtoto mwingine, Popi, nilishika kalamu kwanza.

Hapa Moshi nilitajiwa bei tatu. Kliniki binafsi ilitaka shilingi 35,000 kwa dozi ya chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo, distempa, homa ya ini ya mbwa na homa ya mgunda. Daktari wa mifugo anayefika nyumbani alitaka hiyohiyo na 10,000 ya usafiri. Duka la dawa za mifugo lilikuwa tayari kuniuzia kichupa kwa 20,000 nikamdunge mwenyewe.

Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kinga, na kinga hiyohiyo huizima chanjo. Hakuna ajuaye itakwisha wiki gani. Ndiyo maana chanjo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Popi alianza wiki ya 8, basi dozi tatu: kliniki 105,000, nyumbani 135,000, dukani 60,000.

Nilishawishika na duka, nikamwomba muuzaji nione friji. Alipofungua, taa haikuwaka. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na kichupa alichonipa kilikuwa vuguvugu. Chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiharibiwa na joto, unga wake unaweza kubaki mweupe vilevile, usijue. Nilirudisha kichupa. Kule kliniki daktari alichanganya unga na maji mbele ya macho yangu, akabandua lebo yenye namba ya toleo, akaibandika kwenye kadi na kutia saini. Hiyo ndiyo tofauti ya shilingi 45,000, na naiona halali.

Popi nilimpeleka ndani ya kikapu, sikumshusha sakafuni. Vimelea vya parvo hudumu ardhini miezi mingi, na pale hupita mbwa wagonjwa.

Kichaa cha mbwa kina hesabu yake. Hata ukikosa pesa ya mengine yote, hii usiikose, kwa sababu mtu akishaanza kuonyesha dalili, kupona ni nadra mno. Sindano huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka. Mimi nililipa 15,000, lakini ulizia kwanza kwa afisa mifugo wa kata: kampeni za bure hufanyika, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kuna mchanganyiko wa bei nafuu usio na homa ya mgunda, ugonjwa uleule uliowaua watu Lindi mwaka 2022. Panya huueneza, na kwetu ni wengi, kwa hiyo mchanganyiko huo sikuuchukua. Kinga ya homa ya mgunda hudumu takriban mwaka mmoja, lakini ya parvo na distempa, baada ya marudio ya mwaka wa kwanza, kwa kawaida hufika miaka mitatu. Muulize daktari kabla hujalipia vyote kila mwaka.

Marudio ya Popi ni Machi. Majirani wawili wana mbwa pia. Tutamwita daktari siku moja, ile 10,000 ya usafiri tuigawane watatu.