Mwanamuziki Asome na Mkataba

Tangu mwaka 2002 Zanzibar ina chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, ambako kijana anafundishwa ganuni, udi, fidla na ngoma. Zamani ukitaka kujua taarabu ulikwenda klabuni, ukakaa karibu na mkongwe, ukatazama vidole vyake mpaka vyako vikazoea. Kupata darasa na mwalimu ni neema kubwa. Ila ningependa darasa hilo lisiishie kwenye nyuzi, lifike na kwenye mkataba.

Wazee wa muziki wa dansi walikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na gitaa lilikuwa mali ya bendi; akihama, analiacha. Kijana wa leo hana mwajiri wa namna hiyo. Yeye ndiye bendi, meneja na karani, na asipojua haki zake hakuna wa kumlindia.

Tazama kinachotokea studio. Kijana anafika na maneno na sauti yake, prodyuza anapiga biti, rafiki aliyekuja kusindikiza anatunga kiitikio. Usiku huohuo wimbo umekamilika, na wote wanacheka. Hapo zimezaliwa mali mbili: utunzi, ambao ni maneno na melodia, na rekodi yenyewe. Kila moja inaweza kuwa na mwenyewe, na kila moja ina malipo yake. Wasipoandikiana palepale nani ana asilimia ngapi, wataulizana siku kampuni ya simu inapotaka wimbo uwe mwito wa simu, wakati huo kila mmoja anakumbuka lake.

Mfano ni wimbo “Malaika”, ulioimbwa dunia nzima. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akaupeleka mbali, lakini ubishi kuhusu mtunzi wake haujazimika hadi leo. Huo peke yake unatosha muhula mzima.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho uwe na meza mbili. Kwenye ya kwanza mwanafunzi apige ala yake. Kwenye ya pili awekewe mkataba wa kurasa nne, aoneshe kifungu kinachomnyang'anya rekodi, ataje mkataba unaisha lini, kisha ajaze fomu ya kusajili wimbo kwa wasimamizi wa hakimiliki, COSOTA, au COSOZA kama yuko Visiwani. Akishindwa ya pili, arudie mwaka.