Mkimbiaji na Sindano ya Goti

Kijana mkimbiaji akija kwetu na goti lililovimba, huenda daktari akamchoma sindano ya kotisoni. Ni tiba halali. Lakini tangu Januari 1, 2022, sindano zote za jamii hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano, na dawa yaweza kukaa mwilini siku kadhaa, hata majuma. Daktari wa timu asipojua, kijana aweza kupimwa mkojo na kufungiwa. Kwa hiyo tunamwandikia barua: jina la dawa, kipimo, tarehe, mahali ilipochomwa. Tunamkabidhi mwenyewe, si kocha (kocha si tabibu, hata awe hodari). Habari nyingine za ugonjwa wake hatutoi bila idhini yake. Wazazi, itunzeni nakala. Itahitajika akiomba kibali cha kutumia dawa hiyo.