Mishikaki ya Kuku na Saladi: Tango Usilichome, Manze

Una bash kwa keja, mabeshte kumi wanakam, na mfuko hauwezi nyama choma ya kushibisha wote. Nunua kilo moja ya kuku bila mifupa. Chukua mapaja, si kifua. Kifua hukauka haraka na hakuna mtu atakuambia, watazidisha soda tu.

Kata vipande vidogo, tia mala, saumu, tangawizi, chumvi na pilipili, weka kwa friji masaa mawili ama zaidi. Mala inalainisha nyama polepole. Vijiti vya mbao loweka kwa maji nusu saa, la sivyo vitashika moto kabla ya kuku.

Wasee huharibia hapa: wanapanga tango, nyanya na kuku kwa kijiti kimoja, wanachoma zote. Tango linalegea, nyanya inapasuka, kuku bado ni pinki ndani. Nilifanya hivyo birthday moja, na sahani ilirudi imejaa.

Choma kuku pekee, makaa yakishashika jivu jeupe, ukigeuza dakika 10 hadi 12. Pasua kipande kinono zaidi. Kama kuna pinki, rudisha. Ikiiva, acha ipoe kidogo, ichomoe, upange upya kwa vijiti safi na tango, nyanya ndogo na letasi iliyokunjwa. Kamulia limau.

Na sahani iliyobeba kuku mbichi isiguse iliyoiva. Hiyo ndiyo hukesha na watu chooni, halafu wanasingizia pombe.